Je, Wajua? Mazungumzo ya Rubani na Mnara

Je, wajua kwamba ndege ndogo nyingi zinazopaa asubuhi kutoka Wilson jijini Nairobi, Arusha au Zanzibar hutegemea macho ya rubani kuliko kitu kingine chochote? Sheria za anga zinatambua namna mbili za kuruka. Ya kwanza ni kuruka kwa vyombo: rubani hufuata mishale na skrini zilizo mbele yake hata akiwa katikati ya wingu zito, na waongoza ndege walio chini ndio wanaohakikisha hakaribiani na mwenzake. Ya pili ni kuruka kwa macho. Hapo rubani hutazama nje ya kioo, akautambua mlima, mto, ufukwe na ndege nyingine, na jukumu la kukwepa ni lake. Wengi husikia hivyo wakadhani huyu wa pili yuko huru kwenda atakako. Hayuko. Mara nyingi njia yake huijadili na mnara wa kuongozea ndege, na safu ya leo ni ya mazungumzo hayo.

Je, wajua kwamba hata "kuona" kuna vipimo? Chini ya futi 10,000, kanuni za kimataifa humtaka rubani aone mbele kwa angalau kilomita 5, na akae mita 1,500 kutoka ubavuni mwa wingu, na mita 300 juu yake au chini yake. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu, zile kilomita 5 hugeuka kuwa 8. Karibu na ardhi, katika anga isiyosimamiwa, masharti hulegezwa kidogo. Na usishangae kusikia futi na mita katika sentensi moja. Sehemu kubwa ya dunia hupima kimo cha ndege kwa futi hadi leo, kwa hiyo Kilimanjaro ya mita 5,895 kwa rubani ni futi 19,341. Ndege ndogo kama Cessna 172 haifiki huko. Huuzunguka mlima.

Je, wajua kwamba anga ina herufi? Imegawanywa kutoka A hadi G. Kwenye A, mwenye kuruka kwa macho haingii kabisa. Kwenye B, C na D, kanuni za kimataifa humtaka azungumze na mwongoza ndege na apewe ruhusa kwanza. Kwenye G hakuna wa kumwomba ruhusa. Watu wengi hukosea kuhusu D, ambayo hukutana nayo sana kwenye viwanja vya wastani: humo mnara hauna wajibu wa kutenganisha ndege mbili zinazoruka kwa macho. Huwapa marubani habari tu. Kuna ndege aina ya Caravan mbele yako, maili tatu, futi elfu mbili, itafute. Kuitafuta na kuikwepa ni kazi yako.

Je, wajua kwamba maneno ya kwanza ya rubani kwa mnara yana mpangilio wake? Huanza na jina la unayemwita, kisha jina la ndege yako, aina yake, mahali ulipo, kimo chako, na unachotaka. Ukiyasema yote bila kukwama, mwongoza ndege hujua anazungumza na mtu aliyejiandaa. Ukianza kwa "aaa… eee…", huku watu watano wakisubiri masafa yaleyale, usitarajie upole mwingi.

Ndege ya Tanzania huandikishwa kwa alama zinazoanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, ya Rwanda 9XR, ya Burundi 9U. Tuseme ndege yako ni 5H-ABC. Mara ya kwanza hutamkwa yote, "Five Hotel Alfa Bravo Charlie", na baadaye inaweza kufupishwa. Lakini rubani haruhusiwi kujifupisha mwenyewe. Husubiri mnara uanze, kwa sababu mnara ndio unaojua kama kuna ndege nyingine hewani yenye jina linalofanana na lake.

Je, wajua kwamba ruhusa ya njia si amri ya upande mmoja? Tuseme rubani anasema: niko maili kumi kusini mwa uwanja, futi 2,500, naomba kuvuka kwenda kaskazini. Mnara unajibu: pita magharibi ya barabara kuu, usizidi futi 2,000, niarifu ukifika darajani. Rubani anatazama magharibi na kuona mvua imeshuka hadi kwenye mapaa. Neno analopaswa kusema ni moja, "Unable", yaani siwezi, kisha aeleze kwa nini na apendekeze njia nyingine: naomba nipite ufukweni. Mwongoza ndege anaweza kukubali, au kumwambia azunguke pale alipo hadi ndege kubwa itue, au kumnyima kabisa nafasi ya kuvuka. Ila hawezi kumlazimisha aingie kwenye wingu. Kanuni zinampa rubani mkuu wa ndege neno la mwisho kuhusu usalama wa chombo chake. Kwa maoni yangu, "Unable" ndilo neno lenye thamani kubwa kuliko yote kwenye redio ya ndege, na ndilo ambalo marubani wachanga huona aibu kulitamka.

Je, wajua kwamba uwanja wa Wilson una jina la mwanamke? Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipewa jina lake mwaka 1962. Uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini hupoteza nguvu. Kusini umepakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kilomita chache kuelekea mashariki uko uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta, na Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga. Viwanja vitatu juu ya jiji moja! Rubani wa ndege ndogo hawezi kupaa hapo na kugeukia anakotaka. Lazima aseme anaelekea wapi, na lazima aelewane na mnara kuhusu upande wa kutokea na kimo cha kushika.

Umuhimu wa maelewano hayo hauhitaji hadithi ya mbali. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyopaa Wilson kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga hiyo. Watu 2 waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama pamoja na watu wake wote.

Je, wajua kwamba mgongano wa kwanza wa ndege mbili za abiria angani ulitokea kwa sababu marubani walifuata barabara ileile? Ilikuwa tarehe 7 Aprili 1922, eneo la Picardie, Ufaransa. Moja ilitoka Croydon karibu na London, nyingine ilitoka Paris. Hali ya hewa ilikuwa ya ukungu, kila rubani aliruka chini akiifuata barabara kuu ili asipotee, na wakakutana uso kwa uso. Watu 7 walikufa. Baada ya hapo wenye mashirika walikaa kitako, na moja ya kanuni walizokubaliana ikawa hii: ukifuata barabara, reli au mto, kaa upande wa kulia.

Kanuni hiyo haijazeeka. Nenda New York, juu ya mto Hudson. Chini ya futi 1,300 kuna ujia ambamo ndege ndogo na helikopta hupita kwa macho bila kuongea na mnara wowote. Anayekwenda kaskazini hushika ukingo wa mashariki, anayekwenda kusini ukingo wa magharibi. Kila rubani hutangaza alipo kwenye masafa ya pamoja ya 123.05, akitumia alama ambazo hata mgeni angezitambua: Sanamu ya Uhuru, meli ya makumbusho ya Intrepid, daraja la George Washington. Mwendo usizidi noti 140, na taa ziwe zinawaka. Zamani haya yalikuwa mapendekezo. Yakawa lazima baada ya tarehe 8 Agosti 2009, ndege aina ya Piper ilipogongana na helikopta ya watalii juu ya mto huo na watu 9 wakafa. Wachunguzi walibaini, pamoja na mengine, kwamba rubani wa Piper alirudia vibaya masafa aliyopewa na hakuna aliyemsahihisha. Mwongoza ndege alikuwa pia kwenye simu isiyohusu kazi.

Je, wajua kwamba unaweza kupita kwa ndege ndogo moja kwa moja juu ya uwanja wa kimataifa wa Los Angeles bila kuzungumza na mwongoza ndege hata mmoja? Kuna njia maalumu. Ukielekea kusini-mashariki unashika futi 3,500, ukirudi kaskazini-magharibi futi 4,500. Unaweka namba 1201 kwenye transponda, kifaa kinachojibu rada, unawasha taa, unatangaza ulipo kwenye masafa ya 128.55 ili wenzako wakusikie, na huzidi noti 140. Ndege kubwa ziko chini yako, zinatua na kupaa. Ukiitazama ramani unadhani ni wazimu, lakini siri yake ni kwamba juu kabisa ya uwanja ndipo ndege kubwa zinapokuwa chini zaidi. Hatari iko mbele na nyuma ya njia ya kurukia, siyo juu yake.

Je, wajua kwamba rubani hulazimika kurudia alichoambiwa? Si kila neno. Ruhusa ya kupaa, kutua au kuvuka njia ya kurukia, kimo, uelekeo, namba ya transponda na kipimo cha mgandamizo wa hewa, hayo hurudiwa kama yalivyotolewa. Na mwongoza ndege anatakiwa asikilize marudio hayo, siyo kuyaacha yapite. Hapo ndipo kosa la Hudson lilipoteleza.

Je, wajua kwamba "Roger" siyo "ndiyo"? Maana yake ni nimepokea ujumbe wako, basi. Anayekusudia kutekeleza husema "Wilco". Anayekubali husema "Affirm", na neno lilikatwa makusudi ili mwisho wake usifanane na wa "Negative". Neno la Kiingereza la kupaa, "take-off", nalo lina wivu: hutamkwa tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa, na kwingine kote husemwa "departure". Wivu huo ulitokana na ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa.

Je, wajua kwamba kuna ruhusa ya kuruka kwa macho hata pale ambapo macho hayaoni vya kutosha? Inaitwa ruhusa maalumu. Hutolewa karibu na uwanja, rubani akiomba mwenyewe. Mnara hauruhusiwi kumshawishi. Kanuni za Ulaya huitaka ndege ione angalau mita 1,500 na helikopta mita 800, nje ya wingu na ardhi ikionekana muda wote. Marekani kipimo cha ndege ni maili 1.

Tarehe 26 Januari 2020, helikopta aina ya Sikorsky S-76B ilitoka Orange County kuelekea Camarillo, California, ikiwa na watu 9, mmoja wao nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant. Asubuhi ilikuwa na mawingu ya chini. Rubani aliomba ruhusa maalumu ya kupita anga ya Burbank, na aliwekwa akizunguka kwa zaidi ya dakika 10 kwa sababu kulikuwa na ndege zinazoruka kwa vyombo. Kisha akaruhusiwa. Ukisoma mazungumzo hayo huoni ugomvi wala hofu: sauti tulivu, maneno ya kawaida, kila kitu kwa utaratibu. Alipofika karibu na vilima vya Calabasas, akakiambia kituo cha rada kwamba anapanda hadi futi 4,000 apite juu ya mawingu. Wakati anasema hivyo, helikopta ilikuwa inashuka, kisha ikaanguka. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilihitimisha mwaka 2021 kwamba rubani aliendelea kuruka kwa macho hadi ndani ya wingu, na humo akapotewa na hisia ya juu na chini.

Hisia hiyo hupotea upesi kuliko unavyodhani. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo kwa kuwanyima mwonekano wa nje. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178.

Ndiyo maana nasema mnara usilaumiwe haraka, wala usitegemewe kupita kiasi. Mwongoza ndege anaona nukta kwenye rada. Haoni wingu lililo mbele ya kioo cha rubani, na ruhusa yake hailiondoi.

Sasa tukimbie kidogo.

Je, wajua kwamba namba za transponda hazina 8 wala 9? Kila tarakimu huanzia 0 hadi 7, hivyo jumla ni 4,096. Ulaya, anayeruka kwa macho bila kupewa namba yake huweka 7000. Marekani huweka 1200. Namba 7600 ni redio imekufa, 7700 ni dharura, na 7500 ni nimetekwa.

Je, wajua kwamba redio za ndege hutumia mfumo wa zamani wa AM makusudi? Kwenye FM sauti yenye nguvu huimeza dhaifu na hakuna anayejua. Kwenye AM, wawili wakisema kwa pamoja hutoka mlio mkali, na kila mtu anajua kuna aliyezibwa. Kitufe cha kuongelea kikinasa kwa rubani mmoja, masafa yote huzibika hadi atambue. Abiria wake nao husikika.

Je, wajua kwamba ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi tambarare, redio hufika takriban maili 39 za baharini tu, na kwa futi 10,000 hufika zaidi ya 120? Mawimbi yake hayapindi nyuma ya milima. Rubani akijibanza bondeni, mnara humpoteza.

Je, wajua kwamba redio ikifa mnara huongea kwa taa? Kijani kisichometa kwa aliye angani ni tua. Nyekundu isiyometa ni mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayometa ni uwanja si salama, usitue. Mchana rubani hujibu kwa kutikisa mabawa.

Je, wajua kwamba kuna vimo vya kwenda na vimo vya kurudi? Juu ya futi 3,000, anayeelekea nusu ya mashariki hushika elfu za witiri na kuongeza 500, na wa magharibi hushika elfu za shufwa na kuongeza 500. Kwa hiyo kutoka Nairobi kwenda Mombasa unashika 7,500 au 9,500, na kurudi 8,500 au 10,500.

Je, wajua kwamba rubani wa Kenya, Uganda au Tanzania huishi na saa za aina tatu? Mpango wa safari huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Akiandika 0400, saa ya ukutani uwanjani inaonyesha 7:00, na mama yake nyumbani anasema mwanangu anaruka saa moja asubuhi.

Je, wajua kwamba marubani wa safari za kimataifa na waongoza ndege hupimwa Kiingereza kwa ngazi sita? Ngazi ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika kazini, na mwenye nayo hurudia mtihani kila baada ya miaka 3. Aliye ngazi ya 6 hapimwi tena.

Turudi nyumbani, kwenye viwanja vya Masai Mara na Serengeti. Vingi havina mnara. Hapo marubani huongea wao kwa wao: niko dakika tano kutoka kaskazini, natua, mimi niko mwisho wa njia, nasubiri upite. Ni kama madereva wanaokutana kwenye daraja la gari moja, ila hakuna anayeweza kusimama kabisa. Wakati mwingine mjumbe wa mazungumzo hayo ni pundamilia, na kwa huyo rubani hupita chini mara moja kumfukuza kabla ya kurudi kutua. Vingi pia havina taa, kwa hiyo jua likikaribia kuzama mjadala wote wa njia huwa mfupi: tunaondoka sasa au tunalala.

Je, wajua kwamba safari ya kuruka kwa macho huweza kuzua msako hata kama hakuna aliyeumia? Rubani akiwasilisha mpango wa safari huandika herufi V kuonyesha anaruka kwa macho, pamoja na njia, muda wa mafuta, idadi ya watu na rangi ya ndege. Rangi ni kwa ajili ya watakaomtafuta. Akitua kwenye kiwanja kisicho na mnara lazima aarifu kwamba amefika. Akisahau, dakika 30 baada ya muda aliotarajiwa hatua ya kwanza ya tahadhari huanza: wanapiga simu viwanja vya jirani, wanauliza ndege zilizo hewani, na baadaye wanatuma watafutaji. Yeye huenda yuko hotelini anakunywa chai.

Ukipanda Caravan na ukabahatika kuketi kiti cha mbele kulia, msemeshe rubani upendavyo mkiwa juu. Lakini wakati wa kupaa, wakati wa kukaribia uwanja, na kila anapoinua kidole au kushika kisikizio chake, nyamaza. Kuna mtu anampa njia, na anatakiwa airudie bila kosa.